Makaa Husafiri, Maji Hubaki

Niwapo nyumbani Likombe, huyaona malori ya makaa ya mawe yakitoka Mbinga kuelekea Bandari ya Mtwara. Mjini tunahesabu tani na kulalamikia vumbi. Leo naomba tuyahesabu maji yaliyobaki makaa yalikotoka.

Mjiolojia wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, aliyachunguza makaa ya kandokando ya Ziwa Nyasa katika miaka ya 1890. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1988, ukazinduliwa mgodi wa chini ya ardhi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China. Ulibinafsishwa mwaka 2005, kisha ukarejeshwa serikalini. Mjadala wetu ulikuwa juu ya umeme, mikataba na wanahisa. Maji hayakupata msemaji.

Ilhali mgodi wa namna hiyo hauchimbiki bila pampu. Zikivuta, kiwango cha maji ardhini hushuka, na visima vya jirani huweza kukauka. Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa. Maji hupanda tena yakipita katika miamba yenye salfa iliyokwisha kuguswa na hewa. Hapo huzaliwa asidi inayoyeyusha chuma na metali nyingine. Hatari yaweza kufika wakati mwekezaji ameshaondoka. Mwaka 2012, mjini Carolina, Afrika Kusini, asidi ya migodi ya makaa iliharibu maji ya bomba, na wakazi wakalazimika kwenda mahakamani.

Kinga yake inajulikana: visima vya uangalizi, vinavyopimwa kina, asidi, salfeti na chuma, masika na kiangazi, kuanzia kabla ya jembe la kwanza. Asiye na kipimo cha awali hana ushahidi kwamba kisima chake kimeharibiwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Mwanafunzi na mwanaharakati waombe daftari la vipimo. Mtumishi wa umma alifungue.

Sisi wa Mtwara tunalijua somo hili. Bandari yetu ni mtoto wa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanzishwa bila kupima vya kutosha udongo na mvua, ukafutwa mwaka 1951. Waliokosea walipanda meli. Ardhi ilibaki na wenyewe.