Interneti ya lazeri: namna gani mwangaza unapita hewani bila kupotea njia?

Saa za jua kali, mtu akisimama juu Cimpunda, katika komine ya Kadutu, akaangalia manjanja ya nyumba za chini, ataona kama yanatetemeka. Manjanja hayatetemeki. Ni hewa ya moto inayopanda na kupinda mwangaza kabla haujafika kwenye macho. Hewa hiyo hiyo ndiyo inasumbua wahandisi wanaotuma interneti kwa lazeri.

Kinshasa na Brazzaville

Miji hii miwili inaonana, lakini mto Kongo uko katikati. Taara walisema kwamba, wakati ule, waya wa fibre ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilometa 400. Basi mradi Taara, uliokuwa wakati ule wa kampuni ya Kimarekani Alphabet, pamoja na Liquid Intelligent Technologies, waliweka mashine mbili zinazotazamana, umbali wa kilometa 4.8. Mwaka 2021 Taara ilitangaza kwamba ndani ya siku 20 karibu terabaiti 700 zilivuka mto, mawasiliano yakipatikana asilimia 99.9 ya wakati.

Hewa inafanya nini?

Hewa ya moto na ya baridi hazipindi mwangaza sawasawa. Zikichanganyika, kila fungu la hewa linakuwa kama kioo kidogo cha miwani. Mwali unayumba, unapanuka, nguvu yake inapanda na kushuka. Ndiyo sababu nyota zinametameta usiku. Upepo nao unatikisa minara. Taara wenyewe walilinganisha kazi hii na kulenga mwali mwembamba kama kijiti ugonge alama ya sentimita 5, umbali wa kilometa 10.

Dawa yake

Kila upande una kifaa cha kupima mwali umeangukia wapi. Ukisogea kidogo, vioo vinageuka mara moja na kuurudisha. Nguvu ya lazeri nayo inaongezwa ao kupunguzwa kulingana na hali ya hewa, na habari zilizopotea njiani zinatumwa tena. Mwali wenyewe hauonekani kwa macho.

Na kwa Bukavu?

Kwenye milima, ambako mmomonyoko unakata barabara na mabomba, njia isiyochimba udongo ina faida: mlima kwa mlima, ao juu ya ziwa Kivu. Lakini ukungu mzito na mvua kubwa vinadhoofisha mwali, na jengo likiinuka katikati, njia inafungwa.

Tena, lazeri haifiki kwenye simu ya mtu. Inaunganisha mnara na mnara. Lazima upande mmoja uwe na fibre, na pande zote mbili ziwe na umeme. Bei ya mega, hiyo inabaki mikononi mwa kampuni za simu na serikali. Mwanafunzi wa Cimpunda ataona tofauti ikiwa tu gharama iliyopungua kwenye mnara itashuka mpaka kwake.