Altrasaundi si ya wajawazito tu: inavyotumika kufuatilia baridi yabisi

Mtu anaamka alfajiri, vidole vimekaza hata hawezi kufunga kanga wala kushika mwiko. Ikifika saa mbili au saa tatu mikono inalegea kidogo, naye anatoka kwenda shambani. Huku kwetu Tabora, hasa msimu wa kuchuma tumbaku na kuipanga kwenye mabani, maumivu ya namna hii huhesabiwa kuwa uchovu. Mara nyingi ni uchovu kweli. Lakini viungo vidogo vya mikono yote miwili vikivimba na kukaza kila asubuhi, na hali hiyo ikapita wiki sita, huenda ni baridi yabisi, na hapo inafaa kwenda kupimwa.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Mtaani kila maumivu ya goti au mgongo huitwa baridi yabisi. Sisi hapa tunazungumzia ugonjwa mmoja tu: kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Hausababishwi na baridi, wala kunawa maji baridi baada ya kupiga pasi. Jongo ni ugonjwa mwingine. Baridi yabisi huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na uvutaji wa sigara huongeza hatari. (Kwa wakulima wetu: hatari hii ni ya kuvuta tumbaku, tofauti na kuilima.)

Utando huo ukivimba kwa muda mrefu bila dawa, hula gegedu na mfupa, na vidole vinapinda. Eksirei huonyesha mfupa ulioliwa, yaani hasara ikiwa imeshatokea. Altrasaundi inaweza kuonyesha uvimbe wenyewe mapema zaidi, na haina mionzi.

Inafanyaje kazi? Sisi watu wa redio tunaipenda habari hii kwa sababu yote ni sauti. Kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi iliyopakwa jeli hutoa sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliisikii. Sauti hiyo huingia mwilini, ikigonga kitu hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Maji yaliyojaa kwenye kiungo huonekana meusi, uso wa mfupa huonekana kama mstari mweupe, na mfupa ulioanza kuliwa huonyesha kijishimo kwenye mstari huo.

Kuna sehemu ya pili, na ndiyo yenye faida kubwa kwa mgonjwa. Simama stesheni ya Tabora, pale reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, usikilize honi ya treni. Ikija kwako ni nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito. Christian Doppler wa Austria alieleza jambo hilo mwaka 1842. Mashine hutumia kanuni hiyohiyo kugundua damu inayotembea. Utando uliotulia hauonyeshi damu nyingi, lakini ule unaoshambuliwa hujaa mishipa midogo, nayo huonekana kwa rangi nyekundu au ya chungwa. Mpimaji huipa alama kuanzia 0 hadi 3. Mgonjwa akirudi baada ya miezi kadhaa, alama hulinganishwa na za mwanzo.

Hapo ndipo hujitokeza jambo la kushangaza: mtu asiye na maumivu wala uvimbe wa kushikika anaweza bado kuwa na rangi kwenye picha. Ugonjwa unaendelea kimyakimya, na mtu wa aina hiyo yuko kwenye hatari zaidi ya kuzidiwa tena.

Je, basi kila mgonjwa apigwe picha kila mara? Norway walilijaribu swali hili kwa wagonjwa 238, matokeo yakatolewa mwaka 2016. Kundi moja matibabu yake yaliongozwa na altrasaundi, jingine yaliongozwa na daktari aliyepapasa viungo na kupima damu. Baada ya miaka miwili, waliofikia hali nzuri iliyolengwa walikuwa asilimia 22 kwa kundi la kwanza na 19 kwa la pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Kwa maoni yetu, hii ni habari njema kwa mgonjwa wa Sikonge, Urambo au Kaliua. Picha husaidia pale daktari anapokuwa na shaka, lakini mikono yenye ujuzi, kipimo cha damu na dawa iliyorekebishwa kwa wakati vinaweza kumfikisha mbali. Nchini Kenya, mradi ulioitwa UWEZO ulifundisha wahudumu wa afya namna ya kukagua viungo.

Kwa hiyo usikimbilie kulipia picha. Njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia hapa kwetu, wapagazi waliitembea kwa miguu. Leo ni basi, ila nauli bado inauma. Anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Kitete, na ikibidi Bugando kule Mwanza. Kabla ya kulipa popote, uliza maswali mawili: mpimaji amejifunza kupima viungo? Mashine ina kichwa cha kupimia sehemu za karibu na ngozi? Kile kilichopinda cha kutazamia mtoto tumboni hakioni vizuri utando wa kidole.

Mweleze mpimaji dawa ulizomeza. Diklofenaki na nyingine za jamii yake zinaweza kupunguza ile rangi, picha ikaonekana nzuri kuliko hali halisi.

Kama umeandikiwa methotreksati, inamezwa mara moja kwa wiki, siku ileile. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Haifai kwa mjamzito wala anayetarajia kushika mimba, na inahitaji damu kupimwa mara kwa mara. Usiiache kwa sababu maumivu yameisha. Mwulize daktari kwanza. Majibu ya kila kipimo yatunze kwenye daftari moja, na uende nalo kila unaporudi kliniki.