Kolesteroli, Lehemu na Saratani ya Ini

Mfasiri akutanapo na neno kolesteroli hudhani kazi ni nyepesi: ama alitohoe, ama aandike lehemu, kisha apite. Twaona kuwa historia ya neno hili yadai uangalifu zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Michel Chevreul aliunda jina hilo kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na ugumu, kwa kuwa kitu chenyewe kilipatikana katika vijiwe vya nyongo. Lehemu nayo, ambayo fundi huungia mabati, hutupeleka kwenye kuganda na kuziba. Majina yote mawili hayatuambii kwamba ini lenyewe hutengeneza kolesteroli, wala kwamba seli huihitaji ili kujenga utando wake.

Mwaka 1964 Siperstein na Fagan, wa Marekani, walionyesha jambo la ajabu. Panya mwenye ini zima akilishwa kolesteroli nyingi, ini hupunguza mno kuitengeneza. Bali uvimbe wa saratani ya ini huendelea kuitengeneza kana kwamba haukupata habari. Kazi hiyo ya kujizuia twapendekeza iitwe kizuizi cha marejesho.

Katika miaka ya 1970 Mjapani Akira Endo alipata katika kuvu statini ya kwanza, dawa inayozuia kimeng'enya kikuu cha utengenezaji huo. Tumaini likazaliwa. Katika jaribio la Japani lililotangazwa mwaka 2001, nusu ya wagonjwa wa saratani ya ini waliopewa pravastatini waliishi zaidi ya miezi 18. Kwa wenzao ilikuwa miezi 9. Lakini jaribio la Ufaransa, lenye wagonjwa wengi zaidi, lililotangazwa mwaka 2019, halikuona faida ya kuongeza pravastatini juu ya sorafenibu.

Basi atakayeandika katika kijitabu cha afya kwamba "lehemu huleta saratani ya ini, na statini huiponya" amekosea mara mbili katika sentensi moja. Mgonjwa ataacha mayai, asiulize habari za virusi vya homa ya ini aina ya B wala sumukuvu ya mahindi na karanga, ambavyo ndivyo vyanzo vikubwa katika nchi zetu. Sisi twaandika kolesteroli. Lehemu tumwachie fundi. Na palipoandikwa "uwezekano wa tiba", neno uwezekano lisidondoshwe.