Mashirika ya misaada na kampeni za mtandaoni wakati wa uchaguzi

Shirika linalochimbia wakazi visima au kuwalipia mayatima karo halina mgombeaji, lakini lina jambo la kumdai kila anayeomba kura. Uchaguzi mkuu, ambao Katiba ya 2010 iliuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, ndio wakati wanasiasa huwa wepesi wa kusikiliza. Ugumu ni kupaza sauti mtandaoni bila kuonekana umevaa sare ya chama.

Mpaka umechorwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024 baada ya kukaa kabatini miaka 11. Sheria hiyo inalikataza shirika kuchangisha fedha au kupiga kampeni kwa ajili ya chama au mwaniaji yeyote, au dhidi yake. Papo hapo inaliruhusu kutafiti, kuelimisha umma, kutetea sera na hata kuikosoa serikali. Hivyo basi, kuwauliza wawaniaji wote wa ugavana watafanya nini kuhusu maji, kisha kuchapisha majibu yao katika tovuti, ni halali. Kuandika kwamba fulani ndiye atakayeleta maji, si halali.

Aghalabu mpaka huo huvukwa kwa mambo madogo. Picha ya zamani ya mbunge akizindua kisima hubaki kwenye ukurasa wa shirika hadi siku ya kura. Mfanyakazi husambaza kauli ya mwaniaji anayempenda, akidhani akaunti yake binafsi haimhusu mwajiri, wasomaji hawatofautishi. Yafaa maswali yatumwe kwa wawaniaji wote siku moja, kwa makataa yale yale, na asiyejibu aandikwe kuwa hakujibu, bila kejeli.

Wakenya si wageni katika kazi hii. Mzalendo, iliyoanzishwa 2005, ilifuatilia utendakazi wa wabunge mtandaoni. Ushahidi ilizuka Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007, ikipokea ripoti za wananchi kwa arafa na intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Somo kubwa la kazi ya aina hiyo ni uhakiki. Taarifa moja ya uongo kuhusu kijiji kilichoshambuliwa yaweza kuwasha moto katika kijiji jirani.

Arafa zina mitego yake. Nambari za simu zilizokusanywa wakati wa kugawa chakula cha msaada si mali ya kampeni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumiwe kwa lengo zilizokusanyiwa. Nayo Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 huadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Hata hivyo, shirika laweza kuandika kwa uangalifu na bado lianguke kwingine. Siku chache baada ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, bodi iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali iliziandama KHRC na AfriCOG, kabla ya waziri kuagiza hatua hizo zisitishwe kwa siku 90. Madai yaliyotolewa yalihusu usajili, kodi na akaunti za benki. Kwa hivyo stakabadhi za afisini hukaguliwa mapema, kabla ya ujumbe wa kwanza kutumwa.