Leseni ya ramani huria: kwa nini OpenStreetMap ilibadili yake

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Mwanzoni ilitumia leseni ya Creative Commons, CC BY-SA.

Tatizo ni kwamba leseni hiyo ilitungwa kwa kazi za ubunifu kama picha na maandishi. Jina la mtaa au mahali kisima kilipo ni taarifa tu, na Marekani, kwa mfano, hakimiliki hailindi taarifa tupu. Mjanja angeweza kuchota data ya wote na kuifungia kwake.

Ndiyo maana Septemba 2012 ramani ilihamia ODbL, leseni ya hifadhidata. Masharti yake kwa ufupi:

- Taja chanzo.
- Ukiboresha data na kuitoa hadharani, itoe kwa leseni hiyohiyo.
- Ukichapa ramani ya ukutani, ruksa kuiuza, mradi utaje chanzo.

Kuhama kuligharimu: michango ya waliokataa masharti mapya iliondolewa. Kwa hiyo kama mnataka kuchora ramani ya mtaa wenu, kubalianeni leseni kabla ya kukusanya data. Mkichelewa, itabidi mumtafute kila aliyechangia.