Borat wa Pili na Utani Usio na Majibu

Tarehe 23 Oktoba 2020, siku 11 kabla ya uchaguzi mkuu wa Marekani, kampuni ya Amazon ilitoa kupitia huduma yake ya Prime Video filamu ya vichekesho iitwayo Borat Subsequent Moviefilm. Ilikuwa mwendelezo wa Borat ya mwaka 2006 na, kama mtangulizi wake, ilijaa ukware, lugha chafu na matukio ambayo mtu asingependa kuyatazama akiwa ameketi na wakwe zake. Wapo watakaouliza kwa nini mwalimu wa chuo kikuu apoteze wino kwa jambo kama hilo. Jibu langu ni kwamba ndani ya mzaha huu mna historia ya namna taifa lenye sauti ndogo linavyoweza kunyang'anywa jina lake mbele ya dunia, na namna linavyohangaika kulirejesha.

Muasisi wa mzaha huo ni Sacha Baron Cohen, Mwingereza wa asili ya Kiyahudi aliyesoma historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alimbuni Borat Sagdiyev, mwandishi wa habari bandia kutoka Kazakhstan: mshamba, mbaguzi, anayewachukia Wayahudi na kuwadharau wanawake. Mbinu yake ilikuwa rahisi. Borat alitamka maneno ya aibu mbele ya Wamarekani wasiojua kwamba wanaigiziwa, kisha kamera ikasubiri kuona nani atamkemea na nani atamuunga mkono. Waliomuunga mkono hawakukosekana. Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Larry Charles, iliingiza zaidi ya dola milioni 260 duniani kote.

Lakini Kazakhstan iliyochekwa humo haikuwa Kazakhstan. Borat alizungumza Kiebrania akidai ni lugha ya kwao. Mwenzake wa safari alimjibu kwa Kiarmenia. Kijiji kilichoonyeshwa kama nyumbani kwake ni Glod, nchini Romania, ambako wanakijiji wengi ni Waroma maskini. Baadaye baadhi yao walisema walidanganywa kwamba inatengenezwa filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha yao, wakalipwa fedha kidogo, kisha wakajiona mbele ya dunia wakiitwa wabakaji na makahaba. Walifungua kesi New York, lakini haikufua dafu.

Serikali ya Kazakhstan nayo haikukaa kimya. Mwezi Novemba 2005, baada ya Borat kuongoza sherehe za tuzo za MTV za Ulaya mjini Lisbon, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje alitishia kuchukua hatua za kisheria. Mwezi mmoja baadaye tovuti ya Borat iliyotumia anwani ya nchi hiyo ilifungwa. Mwaka 2006 serikali ilinunua kurasa katika gazeti la New York Times kujieleza upya. Kila hatua iliyochukuliwa kumzima Borat ilizidi kumtangaza.

Je, ni nchi gani hii iliyolazimika kulipia matangazo ili iaminike kuwa ina watu wenye akili timamu? Muhula mmoja niliwauliza wanafunzi wangu wanajua nini kuhusu Kazakhstan. Darasa lilinyamaza, kisha kijana mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Borat," na wote wakaangua kicheko. Hakuna aliyetaja njaa ya miaka ya 1930 hadi 1933, pale sera za Stalin za kuwalazimisha wafugaji wahamaji kuingia katika mashamba ya pamoja ziliposababisha vifo vya watu zaidi ya milioni 1. Hakuna aliyetaja Semipalatinsk, ambako Wasovieti walifanya majaribio zaidi ya 450 ya silaha za nyuklia kati ya mwaka 1949 na 1989, huku wakazi wa jirani wakivuta vumbi la sumu. Wala hakuna aliyejua kwamba baada ya uhuru wa mwaka 1991 nchi hiyo ilirithi vichwa vya nyuklia zaidi ya 1,000, ikaviachia vyote. Sikuwalaumu. Mwigizaji mmoja mwenye kipaji alikuwa amefika vichwani mwao kabla ya walimu wao.

Miaka 14 baadaye Borat alirudi, sasa chini ya mwongozaji Jason Woliner, katika Marekani ya Donald Trump na janga la Uviko-19. Safari hii aliambatana na binti yake, Tutar, nafasi iliyoigizwa na Mbulgaria Maria Bakalova. Katika kisa hicho, Tutar anapelekwa kuwa zawadi kwa wakubwa wa Marekani. Borat alivaa sura ya Trump na kuvamia mkutano wa wahafidhina wakati Makamu wa Rais Mike Pence akihutubia. Tukio lililozua gumzo zaidi lilimhusu Rudy Giuliani, meya wa zamani wa New York na wakili wa Trump, aliyehojiwa hotelini na Bakalova aliyejifanya mwandishi wa habari. Baadaye kamera iliyofichwa ilimwonyesha Giuliani amejilaza kitandani, mkono ndani ya suruali. Yeye alieleza kwamba alikuwa akichomekea shati baada ya kuvua vifaa vya sauti.

Wahakiki wengi waliipokea filamu hiyo vizuri. Walimsifu hasa Bakalova, ambaye alithubutu kuigiza mbele ya watu hatari bila kupepesa macho; akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Mwezi Februari 2021 filamu ilitwaa tuzo mbili za Golden Globe, ya filamu bora ya vichekesho au muziki na ya mwigizaji bora wa kiume katika kundi hilo. Giuliani, kwa upande wake, "alitunukiwa" Razzie mbili, tuzo za kejeli kwa walioboronga. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba mshtuko wa mwaka 2006 umepungua, kwa kuwa Wamarekani sasa walitamka hadharani, bila kuchokozwa, yale ambayo zamani Borat alihitaji ujanja kuyachomoa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini inamhusu Mmarekani peke yake. Mjadala mwingi ulihoji kama filamu imemtendea haki Giuliani, au kama itabadili kura. Wakazakhi waishio Marekani walipopinga jina la taifa lao kutumiwa tena, sauti yao ilisikika kwa mbali. Baron Cohen alijibu kwamba Kazakhstan ya filamu haihusiani na nchi halisi. Kama ni hivyo, kwa nini asibuni jina?

Hapa ndipo mila zetu zinaponisaidia kufikiri. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na kutokana na uadui huo ukazaliwa utani. Mtani wako anaweza kukutolea maneno makali hata msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini utani ni barabara ya kwenda na kurudi: anayenitania leo nitamtania kesho, na wote waliohudhuria wanajua kanuni. Giuliani alikuwa na majukwaa ya kujibu, na Pence alikuwa na dola nyuma yake. Kwao kejeli ya Borat ilikuwa mapambano ya wenye nguvu. Mwanakijiji wa Glod alijibu kwa njia gani? Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Hata hivyo, nyasi nazo zina akili. Siku chache baada ya filamu ya pili kutoka, bodi ya utalii ya Kazakhstan iliichukua kauli maarufu ya Borat, "Very nice!", yaani "Safi sana!", ikaifanya kaulimbiu ya kuvutia wageni. Matangazo yake yalionyesha milima, vyakula na miji ya kisasa, na kila mgeni aliyeonekana humo akaitamka. Taifa lililotishia mahakama mwaka 2005 lilikuwa limejifunza kumjibu mtani kwa ulimi wake mwenyewe. Naistahi busara hiyo, ingawa inanitia simanzi: hata jibu lenyewe lilibidi liazimwe kinywani mwa aliyemtukana.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Asia ya Kati tu. Mwaka 2012 Baron Cohen huyo huyo alitoa The Dictator, kuhusu nchi ya kubuni iitwayo Wadiya, ambayo ramani ya filamu iliiweka pale ilipo Eritrea, katika Pembe ya Afrika, mwendo mfupi wa ndege kutoka hapa nilipo. Safari hiyo angalau jina lilikuwa la kubuni. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, walisema wahenga, kwa binadamu mchungu. Nilipocheka filamu ya kwanza, miaka mingi iliyopita, sikuwa nimejiuliza mkuki ule ulikuwa umepita mwilini mwa nani kabla ya kumfikia Mmarekani aliyekusudiwa.