Kabla ya Nusu Kaputi, Panua Mdomo

“Kaa wima, mama. Panua mdomo kadiri unavyoweza. Toa ulimi nje. Hapana, usiseme ‘aaa’, kaa kimya tu.”

Aliyewahi kulazwa akisubiri upasuaji huenda anamkumbuka mtu huyu. Alifika kitandani jioni, akamulika kinywani, akamwomba mgonjwa ainue kidevu hadi shingo ikunjuke, kisha akaweka vidole vitatu kati ya kidevu na kikoromeo kama fundi apimaye ubao. Hata dakika haikuisha, akaandika kitu kwenye faili akaenda zake. Wengi hudhani anatafuta jino bovu. Kumbe anajiuliza jambo zito kuliko hilo: kesho mgonjwa huyu akishalala na pumzi yake ikasimama, je, ataweza kumpitishia mpira wa kupumulia?

Waswahili walipouita usingizi wa thieta nusu kaputi, yaani nusu ya kufa, hawakutia chumvi. Dawa ya kulegeza misuli ikishaingia, kifua hakinyanyuki tena chenyewe. Mtaalamu wa usingizi anashika ubapa wa chuma wenye taa, laringoskopu, anausukuma ulimi pembeni, anatafuta nyuzi za sauti na kupenyeza mpira katikati yake. Kwa watu wengi ni kazi ya sekunde chache. Kwa wachache, anachokiona ni nyama tupu, na oksijeni ya mgonjwa inazidi kupungua.

Mpira wenyewe ulitangulia hofu hiyo kwa miaka mingi. Tarehe 5 Julai 1878, mjini Glasgow, daktari wa upasuaji William Macewen alikuwa na mgonjwa mwenye uvimbe kwenye shina la ulimi. Desturi ya wakati ule ilikuwa kutoboa shingo ili apumue. Macewen akaona asimtoboe. Alipitisha bomba mdomoni kwa kuongozwa na vidole vyake mpaka likaingia kwenye koo la hewa, na ndipo mgonjwa akapewa klorofomu. Tuangalie vizuri mpangilio huo: bomba kwanza, usingizi baadaye. Bomba lingekataa kupita, mgonjwa angekuwa bado macho, anapumua mwenyewe.

Hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ivan Magill na Stanley Rowbotham walipokuwa wakiwalaza askari walioharibiwa nyuso kwa risasi na vipande vya mabomu, pale Sidcup, Uingereza, ili daktari Harold Gillies awaunde upya, wagonjwa hao waliendelea kuvuta pumzi zao wenyewe usingizini. Mpira ukigoma, wapo hai.

Mabadiliko yalikuja Januari 1942 mjini Montreal, pale Harold Griffith alipotumia kurare ndani ya thieta. Ni sumu ambayo wawindaji wa Amerika Kusini walikuwa wakipaka kwenye mishale. Ililegeza misuli kwa namna iliyowafurahisha madaktari wa upasuaji, kwani tumbo lililokaza likawa laini. Lakini dawa ileile huilegeza na misuli ya kupumua. Kwa maoni yangu, hofu ya koo gumu ilizaliwa hapo. Tangu siku hiyo mtaalamu wa usingizi hakuwa tena mlinzi wa pumzi ya mgonjwa. Aliichukua mkononi, na akiichukua ni lazima awe na njia ya kuirudisha.

Mwaka uliofuata, 1943, Robert Macintosh wa Oxford alitangaza ubapa wake uliopinda, ambao mpaka leo uko karibu katika kila thieta duniani. Ulirahisisha kazi, ila haukueleza kwa nini baadhi ya makoo hayakubali. Mwaka 1956 Cass, James na Lines waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza wakitaja sura za wagonjwa waliowasumbua: shingo fupi nene pamoja na meno kamili, taya la chini lililorudi nyuma, meno ya mbele yaliyochomoza, kinywa kisichofunguka vizuri, kaakaa refu lililoinuka. Ulikuwa ushuhuda wa watu wenye macho makali, lakini haukuwa kipimo. Kwa karibu miaka 30 mingine kila daktari alibaki kutegemea jicho lake.

Kipimo kilitoka kwa Seshagiri Mallampati, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Brigham and Women’s mjini Boston. Alikutana na mgonjwa ambaye mdomo wake ulifunguka vizuri na shingo yake haikuwa na tatizo, lakini mpira ulikuwa taabu kupita. Aliporudi kumwangalia kinywani akaona jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani: ulimi ulikuwa umefunika kila kitu nyuma yake, hata kimeo hakionekani. Mwaka 1983 alituma barua fupi kwenye jarida la wataalamu wa usingizi wa Kanada. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza. Shina la ulimi huwezi kulipima, lakini unaweza kuona linaficha nini. Kama linaficha kimeo na nguzo za koo mgonjwa akiwa amekaa, litaficha na nyuzi za sauti atakapolala.

Hakuishia kwenye hoja. Alichungulia vinywa vya wagonjwa 210, akawapanga katika madaraja matatu kabla ya usingizi, kisha akalinganisha na kilichoonekana kwa laringoskopu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Wagonjwa 155 walikuwa daraja la kwanza, na hakuna hata mmoja aliyesumbua. Daraja la tatu walikuwa 15, na 14 kati yao walikuwa wagumu. Ninavutiwa na jinsi kipimo hicho kisivyotaka mashine wala umeme. Kinataka kiti, mwanga na mgonjwa anayekubali kutoa ulimi.

Hapa msomaji wa pwani au wa bara letu ana swali lake. Huku kwetu watoto wengi wenye kikohozi kisichoisha wamepelekwa kwa mkata kimeo, ingawa hospitali zimeonya mara nyingi juu ya damu na vidonda vinavyofuata. Mtu aliyekatwa kimeo utotoni, daktari atakitafuta kinywani mwake asikione, na si kwa sababu ulimi umekifunika. Ndiyo maana inambidi amuulize, na aziangalie nguzo za koo na kaakaa laini badala ya kutegemea kinyama kimoja.

Mwaka 1987 Samsoon na Young wa Uingereza waliongeza daraja la nne, la yule ambaye hata kaakaa laini halionekani. Takwimu zao zilitikisa wodi za wazazi. Kwa wagonjwa wa kawaida 13,380, mpira ulishindikana kwa 6. Kwa wajawazito 1,980, ulishindikana kwa 7. Ujauzito huvimbisha nyama za koo, huimaliza oksijeni haraka, na tumbo lililojaa huweza kurudisha chakula kooni. Katika hospitali zetu nyingi za wilaya, upasuaji wa kujifungua ndio kazi kubwa ya thieta. Ganzi ya mgongoni imewaepusha akina mama wengi na hatari hiyo, na bado kuna usiku ambao haitoshi.

Vipimo vingine vilifuata, kikiwemo cha Tehran cha mwaka 2003 kinachomtaka mgonjwa aume mdomo wa juu kwa meno ya chini, ili ijulikane taya linasogea kiasi gani. Kisha ikaja hesabu chungu kutoka Denmark mwaka 2015. Katika rekodi za wagonjwa 188,064, makoo magumu yalikuwa 3,391, na 3,154 kati ya hayo hakuna aliyeyatarajia. Waliotabiriwa kuwa wagumu, robo tu ndio waliokuwa wagumu kweli.

Steve Yentis wa London alikuwa ameuliza mapema, mwaka 2002, kama uchunguzi huu una faida au ni mazoea matupu. Alikubali kwamba unakosea sana, akautetea kwa sababu nyingine: unamlazimisha mtaalamu kulifikiria koo la mgonjwa wake kabla halijawa dharura. Mimi niko upande wake. Aliyeandika “3” kwenye faili jioni, asubuhi yake anaweka mipira midogo karibu, anainua kichwa cha mgonjwa kwa mto, anamjaza oksijeni muda mrefu zaidi na kumwita mwenzake asimame kando. Baadhi ya wataalamu huamua kurudi kwa Macewen kabisa: ganzi kooni, mgonjwa macho, mpira kwanza, na nusu kaputi baadaye.